Ufundi wa Kukaa Kando

Aliyemrudisha kazini mtakatifu ambaye leo ni msimamizi wa walimu hakuwa mwalimu. Alikuwa mchunga kondoo, mwanamke asiyejua kusoma, aliyeishi kwenye kilima cha Parménie, si mbali na Grenoble, Ufaransa. Watu walimwita Sista Louise. Mwaka 1714 alifikiwa huko juu na padre wa karibu miaka 63, Yohane Mbatizaji de La Salle, mwanzilishi wa Mabruda wa Shule za Kikristo. Padre huyo alikuwa amechoka. Alishindwa kesi Paris, unovisi aliouanzisha Marseille ulivunjika mikononi mwake, na alikwisha kuamini kwamba kikwazo cha kazi yake ni yeye mwenyewe. Alitamani abaki kilimani, asali, asahaulike.

Louise alimsikiliza. Yaliyosemwa kati yao hayakubaki mengi, ila ushauri wake unajulikana: asiiache familia ambayo Mungu alimkabidhi. Basi. Siku zizo hizo ikamfikia barua ya mabruda, ya tarehe 1 Aprili, ikimwamuru kwa utii aliowaahidi arudi kuwaongoza. Mwezi Agosti alikuwa Paris.

Ninamsifu Louise kwa sababu alijua pa kuishia. Padre msomi wa Reims, mwenye jina, amepiga magoti ya moyo mbele yake; wangapi wangeiacha nafasi hiyo ipite bila kuhubiri? Yeye alisema neno lililotosha, akamwachia mgeni wake njia ya kushuka.

Tangu Sinodi ya vijana ya mwaka 2018, habari ya kuwasindikiza vijana kiroho imekuwa wimbo wa kila semina, hata masikio yameanza kuuzoea. Ila kwa masista, mabruda na mapadre wanaofundisha, jambo hili lina ugumu wake. Mwalimu hulipwa ili aseme. Anauliza swali ambalo jibu lake analo tayari, na ubao unamtii. Kisha jioni anatakiwa akae na mtoto yuleyule, amuulize asichokijua, na anyamaze mpaka ajibiwe.

Hebu tuone inavyokuwa kwenye shule ya bweni ya masista. Binti wa kidato cha tatu anasubiri wenzake watoke, anasogea. “Tumsifu Yesu Kristo, Sista.” “Milele amina, mwanangu.” Anazungushazungusha leso, halafu anasema: anataka kuwa sista. Hapo ndipo fundi na asiye fundi wanapoachana. Asiye fundi anafurahi, na furaha yake si ya dhambi: shirika linahitaji wasichana, mama mkuu atauliza mwaka huu wamepatikana wangapi, na huyu ana adabu na anaimba vizuri. Kabla ya Jumapili jina limeshaandikwa kwenye daftari la miito.

Fundi anamkaribisha akae. Wazo hili lilianza lini? Nyumbani nani anajua? Muhula huu ada imelipwa? Swali la ada linaonekana kama limepotea njia, kumbe mara nyingi ndilo mlango. Huenda baba amefariki na mjomba ameanza kutaja mahari, na utawa ndiyo njia pekee ya heshima anayoiona binti. Huenda pia wito ni wa kweli na ada haijalipwa vilevile. Mungu haoni haya kuingia kwa mlango wa umaskini. Sista hawezi kulikata hilo jioni moja. Anampa binti jambo la kusali nalo, anaahidi kuonana naye wiki ijayo, na (hapa wengi huteleza) anaikumbuka ahadi.

Inyasi wa Loyola alilijua jaribu hili. Katika maelekezo ya mwanzo ya Mazoezi ya Kiroho, kitabu alichokiidhinisha Papa Paulo III mwaka 1548, anamwonya mwongozaji asimsukume mtu kwenye utawa kuliko kwenye hali nyingine. Asimame katikati kama ulimi wa mizani, amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe wake. Tena akimwona mtu amewaka kwa faraja na bidii, amzuie asiweke nadhiri ya haraka. Huyu ni mwanzilishi wa shirika lililohitaji watu, naye anawafundisha wenzake kutokuvua samaki ambaye bado anaruka.

Kanisa limeweka tahadhari hiyo hata katika sheria. Kanuni ya 240 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakataza kabisa kuomba maoni ya baba wa kiroho au ya muungamishi pale inapoamuliwa mseminari apewe daraja au aondolewe. Kanuni ya 630 nayo inawakataza wakuu wa mashirika kumshawishi mtawa kwa namna yoyote awafunulie dhamiri yake. Shule zetu za sekondari hazibanwi na vifungu hivi, na ndiyo maana nazitilia shaka zile ambamo sista mmoja ndiye mlezi wa TYCS (chama cha wanafunzi Wakatoliki), ndiye wa nidhamu, na ndiye anayesaini barua ya kumsimamisha mwanafunzi masomo. Mtoto si mjinga. Atamletea dhambi ndogondogo zilizopigwa pasi, na zile zinazomnyima usingizi atabaki nazo. Afadhali kazi hizo zigawanywe, hata kama walimu ni wachache.

Na mazungumzo yafanyike panapoonekana: benchi chini ya mwembe, au chumba chenye mlango wazi. Siri ni ya maneno. Mahali pasiwe pa siri. Likija jambo la kupigwa, au la mtu mzima kumchezea mtoto, hapo kusikiliza hakutoshi, na sista hana ruhusa ya kuahidi kwamba atanyamaza.

De La Salle aliwaandikia mabruda tafakari za wakati wa mafungo, na humo aliwafananisha walimu na malaika wa ngazi ya Yakobo: wapande kumweleza Mungu mahitaji ya wanafunzi, washuke kuwafundisha. Naye mwenyewe alijua kukaa kando: Mei 1717 mabruda walimchagua Bruda Barthélemy awe mkuu mahali pake. Mwanzilishi aliishi karibu miaka miwili tena, hadi Ijumaa Kuu ya tarehe 7 Aprili 1719. Mabruda waliozoea kumtegemea waliendelea kumjia na maswali yao, naye akawa anawaelekeza kwa Barthélemy.