Kidaka na Twiga: Kusoma Upya Biashara ya Uchina katika Tungo Mbili

Mwaka 2005, ulimwengu ulipokuwa ukiadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya amiri-bahari Zheng He, nilisimama mbele ya wapenzi wa ushairi nikasema, kwa ujasiri wa mtu aliyesoma makala mbili tatu, kwamba vigae vya kauri tunavyoviokota katika magofu yetu ni alama ya nyayo za amiri huyo, na kwamba jina la Shanga, kule kisiwani Pate, limetokana na Shanghai. Mzee mmoja aliyeketi nyuma aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, na vile vigae vilivyo chini kabisa ya ardhi, kabla huyo bwana wako hajazaliwa, vililetwa na nani?" Sikuwa na jawabu. Nalitoa leo, limechelewa, tena kwa njia niijuayo, nayo ni kusoma mashairi.

Tungo mbili zanitosha. Moja ni utungo wa Shen Du, mwanachuoni na bingwa wa hati katika kasri la Mfalme Yongle wa Uchina, alioutunga mwaka 1414. Nyingine ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ya mwanzoni mwa karne ya 19. Zimepishana kwa takriban miaka 400, na wenyewe wasingeelewana hata kwa salamu. Lakini bahari iliyo nyuma yao ni moja.

Shen Du alimwimba twiga. Mnyama huyo aliletwa mwaka 1414 kama zawadi kutoka kwa mtawala wa Bengal. Na kwa kuwa twiga hazaliwi Bengal, bila shaka alikuwa amekwisha vuka bahari mara moja kabla ya hapo. Mwaka uliofuata akaja mwingine, safari hii kutoka Malindi. Wachina hawakumwona twiga. Walimwona qilin, mnyama wa hadithi zao za kale, ambaye huonekana pale tu nchi inapotawaliwa na mfalme mwema. Basi Shen Du akampa sifa zote za qilin: mwili wa paa, mkia wa ng'ombe, na kwato zisizodhuru kiumbe chochote. Msomaji ajuaye kasida za kusifu watawala atautambua mtindo mara moja. Twiga ni kisingizio, msifiwa ni mfalme. Tena mfalme huyo alikuwa na haja kubwa ya sifa hizo, maana kiti cha enzi alikitwaa kwa vita kutoka kwa mpwa wake, mtoto wa nduguye, mwaka 1402. Ishara ya mbinguni ilikuwa na bei kwake kuliko pembe na ambari zote za Pwani.

Siudharau utungo wa Shen Du. Katika kazi uliyokusudiwa umefaulu. Ila kasoro yake kwetu ni kwamba mnyama anatokea katika pembe ya bahari ya magharibi kana kwamba ameoteshwa na maji. Aliyemnasa hayumo. Aliyemlisha majani chomboni kwa miezi hayumo. Nchi alikotoka ni ukungu tu wa mbali, nao ukungu huo unafaa sana kwa ufalme unaotaka kuamini kwamba dunia nzima inakuja kuinama mlangoni pake.

Sayyid Abdalla anatazama kutoka upande wa pili. Anausuta moyo wake, anaushika mkono na kuupitisha katika majumba ya matajiri wa Pate, yaliyokuwa na taa na walinzi, na ambayo sasa yamebaki giza, popo na utando wa buibui. Vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya thamani vimekuwa vitundu vya makinda ya ndege. Mtu aliyeingia katika nyumba za mawe za Lamu au Pate anaijua picha hii kwa macho: ukuta mzima wa chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu ya vidaka, na kila kidaka kina kimo cha bakuli au sahani. Vyombo hivyo, vingi vyake, vilitoka Uchina.

Mshairi hakujisumbua kusema hivyo. Kwa muda mrefu niliuhesabu ukimya huo kuwa upungufu. Sasa nauona ndiyo hoja yenyewe. Kwa mtu wa Pate, sahani ya kauri haikuwa mgeni wala ajabu wala zawadi ya mfalme yeyote. Ilinunuliwa. Ilikuwa mali ya nyumba, sawa na mlango na kitanda, na ndiyo maana inaweza kumwaibisha mwenye nyumba anapokufa. Lau ingekuwa ya ajabu isingefaa kwa waadhi. Ninalomlaumia Sayyid ni jingine: hatuambii hizo pembe za ndovu zilizonunulia sahani zilibebwa na mabega ya nani. Labda waadhi si daftari la mwenye duka, lakini moyo unaosutwa kwa anasa ungeweza kusutwa kwa hilo pia.

Sasa nirudi kwa yule mzee. Mwaka 1225, yaani miaka 180 kabla ya Zheng He kutweka tanga, Zhao Rugua, msimamizi wa biashara ya bahari katika bandari ya Quanzhou, aliandika kitabu juu ya nchi za ng'ambo kwa kuwasikiliza wafanyabiashara. Yeye mwenyewe hakusafiri huko. Anasema kwamba nchi ya Zanji huendewa kila mwaka na vyombo vya Gujarat na vya Waarabu, vikipeleka nguo za pamba, shaba na kauri. Kauri, basi, ilikuja kwa mikono ya jirani. Na kabla ya hapo tena, mnamo mwaka 830 hivi, jahazi la mtindo wa Kiarabu lilizama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, likiwa na vyombo vipatavyo 60,000, vingi vyao mabakuli ya Changsha; lilivumbuliwa mwaka 1998. Shanga nayo ilikuwa mji wa Waislamu tangu karne ya 8, na vigae vya Uchina vimo katika tabaka zake za mapema. Jina la Shanghai halina nafasi hapo. Na kwetu Unguja, mwaka 1945, huko Kajengwa karibu na Makunduchi, ilifukuliwa akiba ya sarafu za Kichina, nyingi za enzi ya Song, iliyokwisha kabla ya Yongle kuzaliwa.

Tena wanunuzi hawakupokea tu wanachopewa. Buluu ya sahani maarufu za Jingdezhen, katika karne ya 14, ilitokana na madini yaliyoletwa kutoka Uajemi, na zile sahani pana pana zilifinyangwa kwa ajili ya watu wa nchi za Kiislamu wanaokula pamoja katika chombo kimoja. Mfinyanzi alimjua mlaji. Lugha nayo inakumbuka: sinia letu la pilau ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha Uchina, na kauri tuliiita kwa jina la gamba la pwani, kama Wazungu walivyofanya katika neno lao la "porcelain", na kama Wachina wenyewe walivyoliweka gamba hilo ndani ya herufi zao nyingi za mali na biashara.

Watungaji wetu wa siku hizi, wanapomwimba Zheng He, aghalabu huandika upya utungo wa Shen Du bila kuujua. Merikebu kubwa inatokea, Pwani inashangaa, zawadi zinatolewa, urafiki unazaliwa. Hotuba za wakubwa zimeshakuwa na beti hizo za kutosha. Zheng He alifika kweli. Merikebu zake zilitia nanga Mogadishu, Barawa na Malindi kati ya mwaka 1417 na 1419, na baada ya 1433 safari hizo zikakoma. Kauri haikukoma. Iliendelea kuja, ikapachikwa katika makaburi ya Kunduchi na Mambrui, ikajaza vidaka vya Pate hadi zama za babu zake Sayyid Abdalla, bila amiri wala twiga.

Ningependa kusoma utungo unaoanzia kwa nahodha wa Gujarat, akihesabu mabakuli yaliyovunjika njiani na kubishana bei na mwanamke wa Shanga anayejua kabisa kipimo cha kidaka chake.