Kuchagua Kitabu cha Kuandika: Milton na Bunyan

Miongoni mwa walimu wenzangu wako wengi wenye kipawa cha kuandika, na mtu akiwazuru nyumbani mwao huonyeshwa madaftari: hili lina utenzi ulioanzwa, hili lina mithali za wazee, hili lina hadithi yenye sura mbili. Kila moja ni jema, wala hakuna lililokwisha. Nami ni mmoja wao. Basi nimeona vema kuwaletea wasomaji habari za waandishi wawili Wakristo wa Uingereza, ambao walichagua kazi zao kwa njia zisizofanana, tupate kuona lipi la kufuata kwao na lipi la kuacha.

Wa kwanza ni John Milton, aliyezaliwa London mwaka 1608. Tangu ujana wake alijua ya kuwa amepewa kipawa cha mashairi, wala hakutaka kukitumia katika jambo dogo. Katika safari yake ya Italia, mwaka 1638 na 1639, alimtungia mwenyeji wake mmoja shairi la Kilatini, akasema humo kwamba anatumaini kuimba siku moja habari za Arthur, mfalme wa kale, na vita vyake. Aliporudi kwao aliandika orodha ya mambo yapata 100 yafaayo kutungiwa. Zaidi ya nusu yametoka katika Biblia, na mengine katika habari za kale za nchi yake. Karatasi hizo zingaliko mpaka leo katika Chuo cha Trinity, Cambridge.

Mtu akizitazama kwa haraka atasema, "Huyu naye ni kama sisi." Walakini atazame vizuri. Mambo mengi yametajwa jina tu, au kwa maneno machache. Bali habari za kuanguka kwa Adamu amezipanga mara nne, akiongeza hapa na kupunguza pale, kana kwamba ni mchezo wa kuigizwa mbele ya watu. Hapo naona fundisho la kwanza: mkono wake ulikuwa umekwisha kuchagua kabla moyo haujakiri. Kazi ambayo mtu huirudia bila kuitwa, yaelekea hiyo ndiyo yake.

Na Arthur je, mbona aliachwa? Milton aliandika pia kitabu cha historia ya nchi yake, kilichopigwa chapa mwaka 1670, na humo aonyesha shaka kama mfalme huyo alipata kutawala kweli. Nadhani hilo peke yake lingetosha. Mtu aweza kusimulia kwa jioni moja jambo asiloliamini, lakini hawezi kulibeba miaka mingi, litamlemea njiani. Habari za Adamu aliziamini.

Hata hivyo hakuanza upesi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilitokea Uingereza mwaka 1642, naye kwa muda wa miaka yapata ishirini alitumia kalamu yake zaidi katika kubishana juu ya dini na serikali. Mwaka 1652 alikuwa amekwisha kuwa kipofu kabisa. Ndipo alipotunga utenzi wake mkuu, Paradise Lost, maana yake Paradiso Iliyopotea, yeye akisema na wengine wakiandika. Ulitoka mwaka 1667, mistari zaidi ya 10,000, na ndani yake akiri mwenyewe kwamba alikawia kuchagua na kuanza. Lakini kazi ya zamani haikupotea bure. Mpwa wake ameshuhudia ya kuwa maneno ya Shetani kwa jua, yaliyomo katika utenzi huo, aliyaona miaka mingi kabla, yakiwa mwanzo wa ule mchezo ulioachwa. Na Samsoni, aliyetajwa katika orodha, alipata kitabu chake mwaka 1671. Kuacha kazi moja kwa ajili ya nyingine si kuiua.

Wa pili ni John Bunyan, ambaye kitabu chake cha Msafiri wengi tumekisoma kwa Kiswahili. Huyu alikuwa fundi wa kuziba vyungu vya bati na masufuria, akafungwa gerezani Bedford tangu mwaka 1660 hata 1672 kwa sababu ya kuhubiri. Yeye hakuwa na orodha. Katika mashairi ya dibaji asimulia kwamba alikuwa akiandika kitabu kingine, mara akaangukia mfano wa msafiri. Mawazo yakazidi kumjia hata akaogopa yatakila kile kitabu cha kwanza, akayatenga mahali pao. Alipokwisha aliwauliza rafiki zake. Wengine walisema chapa, wengine walisema usichape. Alichapa, mwaka 1678.

Wako wanaomsifu Bunyan ili wapate udhuru. Husema, "Nami nangoja nishikwe kama yeye." Hawa hawakumsoma sawasawa. Bunyan alishikwa akiwa na kalamu mkononi, na cheche hutoka penye nyundo, hazitoki kwa fundi aliyelala. Tena mashauri ya rafiki zake yalipogongana, hakungoja wapatane.

Basi nikiwapima hawa wawili, namwona Milton kuwa mwalimu bora wa kuchagua, na Bunyan kuwa mwalimu bora wa kuanza. Lakini liko jambo moja ambalo Milton hawezi kutufundisha, na ni hatari kumwiga. Adamu aliweza kumngoja. Habari zake zimo katika Mwanzo, na miaka ishirini haikufuta hata neno moja. Katika madaftari yangu mna utenzi wa Ruthu, mna mithali, na mna habari za wazee waliojenga kanisa letu la kwanza kwa miti na udongo. Mwaka jana nilikwenda kumwuliza mmoja wa wazee hao jinsi walivyopata mti wa mwamba. Akanijibu, "Njoo baada ya mavuno, mwanangu, nitakueleza yote." Mavuno yalikuja, nami nilikuwa nikitafuta vina vya Ruthu. Nilipofika, nilikuta matanga.

Kwa hiyo, pamoja na kuuliza kama kazi ni ya kweli na kama moyo huirudia, na tuulize pia: ni ipi isiyoweza kutungoja? Ruthu atakuwapo. Wamebaki wazee wawili, na mmoja wao hasikii vizuri. Jumamosi hii nakwenda kwake na daftari moja tu.