Rika la Msomaji wa Rosa Mistika

Mtunzi wa riwaya ya makuzi, akiisha kumpata kijana wake na masaibu yake, hukabiliwa na suala ambalo aghalabu hujibiwa kwa pupa, nalo ni rika la msomaji. Humtazama mhusika ana miaka mingapi, akamtafutia msomaji wa umri uo huo. Euphrase Kezilahabi, aliyeitoa Rosa Mistika mwaka 1971, hakupita njia hiyo.

Twamkuta Rosa kisiwani Ukerewe, chini ya mkono mzito wa babake, Zakaria, ambaye ampiga kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Twamfuata sekondari, kisha chuo cha ualimu Morogoro, hata siku anapojiua. Lau Kezilahabi angalimwachia Rosa asimulie mwenyewe, kama mwandishi J. D. Salinger alivyomwachia mhusika wake Holden Caulfield mwaka 1951, tungalifungiwa katika akili ya binti asiyefahamu vipi hofu ya nyumbani iligeuka kuwa ulegevu ugenini. Msimulizi wake, lakini, ni mjuzi asimamaye nje, aingiaye nafsini mwa binti, na akitoka humo amgeukia mzazi.

Hapo ndipo, kwa rai yangu, hadhira ilipoamuliwa. Sauti hiyo yasikika na watu wawili kwa pamoja: msichana aliye karibu kuondoka kwao, ambaye kwake ni tahadhari, na mzazi anayemwachilia, ambaye kwake ni mashtaka. Waliokipiga kitabu marufuku shuleni, kabla hakijaja kuingizwa katika mtaala, waliyapima mambo ya mapenzi yaliyomo, wasiipime sauti iyasemayo.

Hata hivyo hofu yao haikuwa bure. Kiswahili cha kitabu ni chepesi na sentensi zake ni fupi, hata mtoto wa miaka 11 aweza kukisoma chote asiambulie ila visa vya wasichana na wanaume. Maana fimbo ya sura za mwanzo huzaa matunda yake miaka mingi baadaye, na kuyaunganisha hayo mawili kwahitaji msomaji ambaye naye amekwisha kuwa na miaka ya kuitazama nyuma, aliyewahi kuona katazo la nyumbani likimfuata mahali ambapo mkatazaji hayupo. Mimi kitabu hiki ningelimpa mwanafunzi wa kidato cha tatu, si kabla, na ningelitaka babake akisome mwaka uo huo.