Chupa Bapa na Jani la Mkungu

Katika mabanda ya wafugaji wa Nakhon Pathom, magharibi mwa Bangkok, chupa bapa za kioo hupangwa safu kwa safu, zimebanana kama matofali. Kila chupa ina dume mmoja wa samaki aitwaye beta, na kati ya chupa na chupa pamechomekwa kipande cha karatasi ngumu. Mfugaji akikichomoa, madume wawili huonana, wakatandaza mapezi na kutunisha matamvua. Huwaacha hivyo kitambo kidogo, mapezi yapate kunyooka, kisha hukirudisha kabla hawajachoka. Jicho lake ndilo saa.

Wathai humwita samaki huyu pla kat, yaani samaki anayeuma, na mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Makazi ya samaki huyu ni majaruba ya mpunga na madimbwi ya kina kifupi, penye maji ya uvuguvugu yenye oksijeni haba. Ndiyo maana ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji. Hapo ndipo wengi wetu tunapomdhulumu: tukiona hafi kikombeni, twadhani kikombe kinamtosha.

Mfugaji stadi hadhani hivyo. Yeye hubadilisha chombo kadiri maisha ya samaki yanavyobadilika. Wakati wa kutaga huchagua chombo chenye maji kidogo, ili dume asihangaike kuyafuata mayai yanayozama, kuyadaka kwa mdomo na kuyapandisha kwenye kiota cha povu. Vifaranga huhamia kwenye beseni pana au tangi la saruji. Madume wakianza kuumana, kila mmoja hupewa chupa yake. Na chupa hiyo ina mkono nyuma yake, mkono unaobadilisha maji mara kwa mara. Mkono huo ukikosekana, amonia itokanayo na kinyesi hulimbikizana haraka katika maji kidogo, ikamuunguza matamvua.

Sisi wa nyumbani tusio na mkono huo tunahitaji maji mengi. Lita 20 ni mwanzo mwema, joto la nyuzi 25 hadi 28, kichujio kisichosukuma maji kwa nguvu. Tangi liwe pana kuliko kwenda juu, kwani dume mwenye mkia mzito hupanda kuvuta hewa kutwa nzima. Lifunikwe, maana huruka, lakini paachwe nafasi ya hewa chini ya kifuniko.

Kisha jani. Wafugaji wa Thailand hutia majini jani kavu la mkungu, mti ule ule unaotupa kivuli huku pwani. Maji hugeuka rangi ya chai ya rangi, asidi yake ikapanda kidogo, yakafanana na ya kwao. Nami niliokota langu uani, nikaliosha, nikaliacha lielee juu ya maji ya tangi. Siku ya tatu, asubuhi, dume wangu alikuwa chini yake, akipuliza povu tone kwa tone.