Paa, jiko na choo: hesabu moja ya shule za Karagwe na Kyerwa

Kipimo tunachokitumia zaidi kuhukumu afya ya shule zetu ni matundu ya vyoo: tundu moja kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 na wavulana 300 inatakiwa kuwa na matundu 27. Kipimo hiki kimewasaidia madiwani na kamati za shule kudai haki ya watoto, na sitaki kiguswe. Ila hakisemi maji ya kunawa yatatoka wapi mwezi Julai, nani ataondoa kinachojaa, wala kuni za jikoni zimekatwa msitu gani. Huko Karagwe, mkoani Kagera, kabla na baada ya Kyerwa kuwa wilaya inayojitegemea mwaka 2012, kuna watu waliokwisha kuyashika maswali hayo kwa pamoja. Walikuwa wakulima.

Shirika la wakulima la MAVUNO, likishirikiana na wahandisi wa kujitolea wa Ingenieure ohne Grenzen na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, lilifanya mwanzoni mwa miaka ya 2010 majaribio yaliyoitwa CaSa. Kiini chake ni choo kisicho na shimo. Sehemu ya kukalia ina njia mbili: mkojo unakwenda mbele kwenye dumu, kinyesi kinadondoka nyuma kwenye chombo kilicho juu ya ardhi. Kila anayetoka hunyunyiza majivu au vumbi la mbao, hivyo harufu na nzi hupungua bila tone la maji. Chombo kikijaa hupelekwa kwenye tanuri dogo la udongo linalopashwa na jiko la aina yake: jiko linalochoma mabaki ya mimea kwa hewa kidogo, likayageuza kuwa gesi, likaunguza gesi hiyo na kubakiza mkaa laini chini.

Hapo kwenye joto ndipo kazi nzima ya afya ilipo. Adui mgumu kuliko wote kwenye kinyesi ni mayai ya minyoo ya mduara, yanayoweza kukaa udongoni miaka. Uchambuzi wa Feachem na wenzake wa mwaka 1983, ambao wataalamu wa usafi bado wanauegemea, unaonyesha kwamba vimelea hufa kwa nyuzi joto 62 zikidumu saa moja, 50 siku nzima, 46 wiki, au 43 mwezi. Mboji ya kawaida inaweza kufika huko katikati ya lundo, lakini pembezoni hubaki baridi, na mtoto hagusi katikati tu. Tanuri linaondoa kubahatisha: chombo chote kinapata joto, kipimajoto kinasomwa, kazi inakwisha siku hiyo hiyo. Baadaye ndipo kinyesi kilichosafishwa huchanganywa na mkaa ulionyweshwa mkojo, majivu, mabaki ya jikoni na ya shamba, kikawa mboji.

Mtafiti Ariane Krause na wenzake waliipima mboji hiyo kwenye udongo wa Karagwe na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Udongo wa huko una asili ya volkeno, una tindikali, na fosforasi iliyopo mimea haiipati kirahisi. Mboji ya CaSa ilipunguza tindikali, ikaongeza fosforasi inayofikika, na mahindi yakazaa vizuri zaidi kuliko kwenye vipande visivyowekwa kitu.

Sasa tuihamishe hesabu hii shuleni, maana majaribio yale yalikuwa ya kiwango cha kaya. Mtu mzima hutoa takribani kilo 50 za kinyesi na lita 500 za mkojo kwa mwaka. Shule ya bweni ya wanafunzi 400, hata tukitumia kipimo hicho cha mtu mzima, itapata kama kilo 55 za kinyesi kila siku. Kwa tanuri linaloendeshwa na mtu anayelipwa, si mzigo wa kutisha. Mkojo ndio mtihani: lita 200,000 kwa mwaka haziwezi kubebwa kwa madumu. Shule italazimika kuwa na shamba la migomba au majani ya ng'ombe karibu, na bomba la kuuteremsha huko. Kwa hiyo ramani ya choo haiwezi kuchorwa bila ramani ya shamba, na michoro tunayopokea huonyesha jengo peke yake.

Tuje kwenye paa. Kanuni ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Jengo la madarasa manne lenye paa la mita 36 kwa 9 lina mita za mraba 324. Mvua moja nzuri ya milimita 30, tukitoa asilimia 20 ya kinachopotea, inaleta karibu lita 7,800. Tangi la plastiki la lita 5,000 linafurika kwa mvua hiyo moja ya Novemba, kisha Julai linagongwa linalia tupu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka lita 5 kwa siku kwa kila mwanafunzi wa kutwa. Wanafunzi 600 ni lita 3,000 kwa siku; kwa siku 40 za masomo za kiangazi ni lita 120,000, sawa na mvua 16 za namna ile zikihifadhiwa bila kuguswa. Vyoo vya kumwagia maji vinaongeza lita 1.5 hadi 3 kwa kila mtu kwa siku, yaani kati ya lita 36,000 na 72,000 nyingine za kujengewa tangi. Choo kikavu kinaifuta gharama hiyo kabisa. Tangi na choo vikiombewa fedha kwa mafungu tofauti, akiba hii haionekani popote.

Jiko nalo limeshapewa amri. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na Mei mwaka huo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shule nyingi zinatazama mitungi ya gesi. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya kahawa na ndizi. Maganda ya kahawa yanarundikana kwenye vinu, na migomba inakatwa kila wiki. Ningependa kuona wahandisi wa halmashauri wakipima kwanza kama kilichopo mlangoni kinaweza kulisha jiko la aina ya lile la CaSa.

Kuta nitazigusa kwa ufupi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu vibaya sekondari za Ihungo na Nyakato kule Bukoba. Lenta inayozunguka jengo zima bila kukatika, na tofali la udongo-saruji linaloshindiliwa badala ya kuchomwa, vinalinda watoto na miti kwa mkupuo mmoja. Na dari iwekwe. Mvua ya Kagera ikipiga bati tupu, mwalimu hunyamaza, na kipindi kimekwisha.

Ahadi ya kuyafuata haya yote inawekwa wapi basi? Mwaka 2001 bodi ya shule za Los Angeles ilipitisha azimio kwamba shule zake mpya zifuate vigezo vya afya na matumizi bora ya nishati, na wasanifu wakapewa vigezo hivyo kabla ya kuchora. Kwetu chombo kinacholingana ni baraza la madiwani, ambalo Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inalipa uwezo wa kutunga sheria ndogo, na ambalo ndilo hupitisha bajeti. Nguvu ya mchoro mmoja tuliiona mwaka 2021: madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, shilingi milioni 20 kila moja, yalijengwa nchi nzima kwa miezi michache kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi. Kilichokuwa kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa, kilijengwa. Mstari mmoja wa gata na tangi la ukubwa uliokokotolewa ungerudiwa kila mahali kwa kasi ile ile.

Mstari mgumu zaidi ni wa matumizi ya kawaida: mshahara wa mtu wa tanuri, glavu na viatu vyake, chanjo yake, vumbi la mbao la kila wiki. Fedha za mradi hazilipi hayo, wafadhili hawayapendi, na bila hayo wanafunzi ndio watakaobebeshwa vyombo kama adhabu. Kwenye bajeti ya mapato ya ndani, kiasi chenyewe kingetafutwa kabla ya kuchimba msingi wa choo cha kwanza.