Kupanda Bugarama

Mwenye baiskeli anayeishi Rohero, Bujumbura, huamka kila siku kati ya ziwa na mlima. Kuelekea ziwani pedali hujizungusha zenyewe. Kuelekea upande wa pili, ukishavuka mto Ntahangwa na kuishika barabara ya kitaifa namba 1, mlima unaanza kabla mji haujaisha. Tanganyika iko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, kama kilomita 35 mbele, imevuka mita 2,000. Ukigawanya, kila mita 100 za lami zinakudai karibu mita nne za kwenda juu. Kwenye karatasi deni hilo ni dogo. Kwenye magoti, saa ya pili ikiingia, ni jambo jingine kabisa.

Watu wakimwona mtu anapanda huko kwa baiskeli husifu nguvu zake, na naona wanasifu kisichostahili. Nguvu huisha mapema, tena huwaishia haraka zaidi walio nazo nyingi, kwa sababu huzitumia zote mwanzoni. Kinachomfikisha mtu juu ni ufundi, na ufundi huo una mambo yake madogomadogo kama useremala au ushonaji. Unaanza polepole kuliko unavyotaka. Unapima mwendo kwa pumzi: ukishindwa kumjibu salamu kwa ukamilifu mama anayeteremka na kapu kichwani, umekwenda kasi mno. Gia unaipunguza kabla ya kona, maana mnyororo uliokazwa na mlima haukubali kuhama bila kulalamika. Na kona zenyewe zinasomwa. Sisi tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kila kona inayokata kulia inakuweka ndani yake, penye mwinuko mkali kuliko pote. Kona ya kushoto inakuweka nje, ambako lami imelala kidogo na mtu anaweza kurudisha pumzi. Anayejua hivyo hupumzika akiwa bado anapanda. Asiyejua husimama.

Wafaransa, ambao vijijini kwao milima na baiskeli vimekuwa kitu kimoja kwa zaidi ya karne, walikuwa na mwalimu wa mambo haya. Paul de Vivie, mtu wa Saint-Étienne aliyeandika kwa jina la Vélocio katika jarida lake Le Cycliste, alihubiri kwamba safari ya milimani si mashindano. Ule kabla ya njaa, unywe kabla ya kiu, upumzike kabla ya kuchoka, na usiendeshe kwa kiburi. Alizitetea gia za kubadilisha wakati wanaume wengi wa mbio waliziona ni za wazee na wanyonge. Tour de France, iliyoanza mwaka 1903, haikuziruhusu rasmi hadi 1937. Mwaka 1910 mbio hizo zilipovushwa kwa mara ya kwanza juu ya Tourmalet, penye mita 2,115, waendeshaji wengi walishuka kwenye baiskeli na kuzisukuma kwa miguu. Tourmalet ni mkali kuliko mlima wetu, ila ni mfupi zaidi, na kwa kimo iko karibu sawa. Juu ya mlima ule Wafaransa wameweka sanamu ya mwendesha baiskeli, na kila kiangazi watu hutoka mbali kwenda kupigia picha hapo.

Mabingwa wa mlima wetu hawana sanamu. Wao ni wachukuzi: vijana wanaoteremka kutoka Bugarama wakiwa na mikungu ya ndizi, magunia ya makaa au mboga za milimani, ili jiji lipate kula. Nimewatazama kwa miaka na sijachoka kuwatazama, kwa sababu hakuna ninayemfahamu anayeijua baiskeli kuliko wao.

Ufundi wao unaanza kabla ya safari, kwenye kupakia. Baiskeli ni ya chuma, ya gia moja, iliyokwisha kuchomelewa nondo kwenye uma wa mbele na kwenye keria ili isikunjike. Mikungu inafungwa kwa kamba za mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, mizito ikiwa chini na nyuma, miepesi juu, na ubavu wa kulia ukipimwa dhidi ya wa kushoto kwa kuinyanyua baiskeli kidogo na kuisikiliza inavyoegemea. Mkungu mmoja ukining'inia sentimita chache tu kuelekea spoku, kona ya kwanza itauingiza ndani. Mchukuzi anauzungusha, anaukaza, anautikisa, anaukaza tena. Hafanyi haraka. Nimewahi kumwona mmoja akifungua mzigo wote uliokuwa tayari na kuanza upya, kwa sababu tu fundo moja halikumridhisha.

Halafu anateremka. Mchukuzi ana kilo 60, tuseme, baiskeli 20, ndizi 100. Ukiushusha uzito huo mita 1,300, nguvu inayotakiwa kumezwa njiani inatosha kuchemsha karibu lita saba za maji. Joto hilo lazima liende mahali: sehemu inachukuliwa na upepo, sehemu na rimu, na sehemu nyingine na mguu wa mtu. Breki za kawaida hazikutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, kwa hiyo wengi huongeza soli ya kiatu, mara nyingi katambuga, raba ya tairi la gari ikikandamizwa dhidi ya raba ya tairi la baiskeli au dhidi ya lami yenyewe. Ukiwa karibu unausikia mlio wake na harufu ya raba inakufikia kabla yake. Mguu haukandamizi moja kwa moja. Unagusa, unaachia, unagusa, na unaachia kabisa ndani ya kona, kwa maana gurudumu lililobanwa likiwa limeinama huteleza. Kasi inapunguzwa mapema, barabara ikiwa bado imenyooka. Mwendesha baiskeli wa mbio wa Ulaya hufundishwa hivyohivyo na makocha. Hawa wamefundishwa na mlima, na mlima huo umeua wanafunzi wengi.

Hilo siwezi kulipita. Kupanda kurudi juu, wachukuzi wengi hushika nyuma ya malori. Wananing'inia kwa mkono mmoja, usukani mkononi mwa pili, moshi usoni, wakati mwingine watatu au wanne nyuma ya lori moja. Picha zao zimezunguka dunia nzima, na watazamaji wa mbali hushangilia ujasiri. Mimi sishangilii. Mtu aliyeshusha kilo 100 za ndizi kwa faida ndogo, anayetaka kurudi juu kabla ya giza ili kesho ashuke tena, hashiki lori kwa kupenda hatari. Analishika kwa sababu saa nne za kupanda kwa pedali hazilipwi na mtu yeyote. Dereva akifunga breki ghafla, au lori likiyumba kwenye kona, hakuna ufundi unaosaidia.

Juu zaidi hewa inabadilika. Rohero ikiwa na nyuzi 30, Bugarama huwa na nyuzi nane au tisa pungufu, na ukungu huingia bila kubisha hodi. Nyuma yako kuna Tanganyika, tambarare ya Rusizi, na milima ya Kongo juu ya Uvira. Mbele kuna mgongo wa nchi, unaogawa maji yanayokwenda Kongo na yanayokwenda Nile. Msitu wa Kibira umeketi juu ya mgongo huo, na chai ya Teza imepandwa ubavuni mwake. Ukiuvuka mgongo na kukata kuelekea Muramvya, unaingia katika nchi ya wafalme.

Hapa ndipo safari ya baiskeli Burundi inapotofautiana na ya Ufaransa. Kule mpanda baiskeli hutoka kijiji hadi kijiji: mnara wa kanisa unaonekana kwa mbali, kuta za mawe, chemchemi ya kujazia chupa, kisha mashamba matupu hadi mnara mwingine. Kwetu hakuna vijiji vya namna hiyo. Watu wanaishi vilimani, kila familia na rugo lake, yaani boma, katikati ya migomba yake, na hata serikali huhesabu watu kwa kilima. Kwa hiyo barabara haiwi tupu kamwe. Huwezi kuanguka ukakosa mashahidi, wala kupata pancha ukakosa wasaidizi. Unasalimiwa amahoro kutoka juu ya ukingo na kutoka bondeni, na unajibu kwa pumzi iliyobaki. Watoto wanakimbia kando yako na, kwenye mwinuko mkali, wanakupita.

Historia nayo haikuachwa kwenye mawe. Makao ya wafalme wa Burundi, Bukeye, Mbuye na kwingineko Muramvya, yalijengwa kwa miti na nyasi, na nyasi hurudi udongoni. Kinachobaki mahali pengi ni miti iliyokuwa imezunguka uzio: mikuyu mikubwa, mizee, imesimama peke yake juu ya kilima kilicholimwa. Mpita kwa gari haioni. Anayepanda kwa mwendo wa binadamu anatazamana nayo kwa nusu saa nzima kabla ya kuifikia, na anapata muda wa kuuliza. Si mbali na hapo ni Kiganda, ambako mwaka 1903 mfalme Mwezi Gisabo, baada ya miaka ya kuwapinga Wajerumani kwa silaha, alilazimika kutia saini mkataba nao. Nikiwa juu ya baiskeli huwa nafikiri jinsi vilima hivi vilivyompa nafasi ya kupinga muda mrefu namna ile. Jeshi lililozipanda njia hizi lilikuwa likihema pia.

Septemba 2025 mbio za ubingwa wa dunia za barabarani zilifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika. Wanaume walipanda na kushuka kilomita zaidi ya 260, na Tadej Pogačar akashinda. Ilikuwa furaha kubwa kwa sisi majirani: vilima vyetu vya Maziwa Makuu vilitambuliwa kuwa miongoni mwa vigumu zaidi duniani kwa baiskeli. Lakini mambo ya hapa kwetu yana upande wake wa pili. Machi 2022 Bujumbura ilizizuia baiskeli, pikipiki na bajaji zisiingie katikati ya jiji, kwa hoja ya usalama barabarani. Kisha petroli ikaadimika, foleni zikajaa kwenye vituo, magari yakalala. Ndizi ziliendelea kushuka.

Usalama ni hoja ya kweli, na nimekwisha kusema kwa nini. Dawa yake iko barabarani. Barabara ya Bugarama ni nyembamba, ina mtaro upande mmoja na korongo upande wa pili, na baiskeli haikuwekewa nafasi. Siku itakapojengwa upya, nataka upande wa kupanda uongezwe mita moja na nusu ya lami, kutoka Ntahangwa hadi juu, isiyokanyagwa na lori. Nataka pia vituo kwenye miteremko mirefu, penye kivuli, maji na fundi, ambapo mchukuzi ataipoza rimu yake, atabadilisha raba ya breki na kukaza upya kamba za mzigo. Na lori la chama cha wachukuzi wenyewe, la kuwarudisha juu jioni, baiskeli zao zikiwa zimepakiwa ndani.