Mwale Usiotumwa

Kisumu ni mji uliozoea vitu vinavyofika vipande vipande. Meli ya William Mackinnon iliundwa Uskochi, ikafunguliwa, ikaletwa Mombasa, na vyuma vyake vikapandishwa bara hadi ziwani, vikaunganishwa upya na meli ikashushwa majini mwaka 1900. Reli yenyewe ilikuwa bado haijafika. Ilifika Port Florence, kama mji ulivyoitwa siku hizo, Desemba 1901. Tangu wakati huo hapajakosekana mtu hapa ambaye kazi yake ni kufungua sanduku, kutazama kilichomo na kuuliza hiki kinaingia wapi. Siku hizi sanduku linatoka China, na ndani yake mna mashine ndogo ya leza: fremu ya aluminiamu, mota, mikanda, bodi, na kichwa kinachotoa mwale. Kijana anaifunga mwenyewe jioni, na kufikia mwisho wa wiki anachonga vibao vya majina, mapambo ya keki na ngao za siku ya zawadi shuleni. Halafu siku moja mashine inawaka bila kutumwa.

Hapo ndipo anapoitwa mtu ninayetaka kumsifu.

Kwanza tuelewane kwa nini jambo hili si la mzaha. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California tarehe 16 Mei 1960, akitumia kito cha rubi. Miaka minne baadaye Kumar Patel, katika maabara za Bell, alitengeneza leza ya gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo mwale wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6 na hauonekani kwa macho. Mashine za bei nafuu zenye mrija wa kioo, zile ambazo mafundi huziita K40, ni wajukuu wa kazi hiyo. Ndogo zaidi hutumia dayodi ya mwanga wa buluu. Miale hii miwili haifanani tabia: plastiki angavu ya kawaida huuzuia ule wa gesi, lakini ule wa buluu hupita humo kama hapana kitu, kwa hiyo miwani inayofaa huku haifai kule. Sasa mfikirie kijana ameinama juu ya mashine iliyo wazi, anapanga ubao, na mwale unatoka ambao hakuna aliyeuagiza. Jicho halina spea.

Fundi ninayemzungumzia ana kibanda upande wa Kibuye, katikati ya wachomeleaji na washona viti. Akiletewa mashine ya namna hii hashiki bisibisi. Anaomba kwanza kile kibao kilichoharibika, ambacho mwenyewe kwa hasira ameshakitupa, na wakati mwingine inabidi kirudiwe jalalani. Anakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, anakisoma. Tundu moja jeusi kwenye kona, pale kichwa kinapoanzia safari, linamwambia mwale ulitoka kabla ya kazi kuanza, huenda wakati mashine ilipokuwa inaamka. Mstari mwembamba unaounganisha herufi na herufi, kama kwamba kalamu haikuinuliwa, unamwambia mwale haukuzimwa wakati kichwa kilipokuwa kinahama. Vidonda vidogo vilivyotapakaa bila mpango ni habari nyingine kabisa, na hiyo ndiyo inayomfanya akune kidevu.

Ule mstari mwembamba mara nyingi hauhitaji hata kufungua skrubu. Mashine nyingi ndogo za dayodi huendeshwa na programu iitwayo GRBL, na ndani yake kuna kigezo namba 32. Kikiwa sifuri, programu inaamini imeshikilia mota ya kuchonga mbao, na mota hiyo haina sababu ya kusimama kila inapohama. Kikiwa moja, inajua imeshika leza, na mwendo wa kuhama unakuwa mwendo wa giza. Nimeona watu wakinunua kichwa kipya kwa sababu ya tarakimu hiyo moja.

Lakini linalonivutia zaidi ni lile tundu la konani, kwa sababu linageuza fikra zetu za kawaida. Sisi hudhani mashine iliyonyamaza imenyamaza kwa asili, na kwamba kelele ndiyo yenye kuhitaji sababu. Sivyo. Unapowasha swichi, kuna sehemu ndogo ya sekunde ambapo bodi bado haijajua yenyewe ni nani. Waya wa amri unaokwenda kwenye leza haujaambiwa sifuri wala haujaambiwa moja, unaning'inia. Ni mlango usio na komeo, na upepo wowote unaotoka ziwani unaufungua. Kichwa cha leza kikisoma hali hiyo kuwa amri, kinatii. Hakikukosea. Dawa yake ni rezista, tuseme ya omu 10,000, inayouvuta waya huo upande wa kimya mpaka bodi iamke na kushika usukani. Na upande wa kimya haupo mahali pamoja kila siku: kuna leza zinazowaka waya ukipanda na nyingine zinazowaka ukishuka. Baadhi ya visanduku vya umeme vya K40 vina vituo vya aina zote mbili, kimoja pembeni ya kingine. Ukivikosea, mashine itanyamaza unapoiambia iwake na kuwaka unapoiambia inyamaze, tena kwa bidii.

Kwa hiyo swali la fundi si "kimeharibika nini?" Anauliza nani ametoa amri. Anakata njia katikati: upande huu kompyuta na bodi, upande ule kichwa au mrija na umeme wake. Asiyejua huchomoa tu waya wa amri aone kama mwale utakoma. Huo ni mtego, kwa sababu baadhi ya vichwa vya dayodi, vikiachwa bila waya, hujihesabu vimeamriwa kuwaka kwa nguvu zote. Fundi wetu huufunga waya kwenye upande wa kimya, hufunika mashine, huweka kipande cha chuma chakavu chini ya kichwa, na ndipo anapowasha, naye amesimama pembeni. Mwale ukitoka hata hapo, bodi haina hatia. Pengine ni transista iliyoungua. Hizi zikifa mara nyingi hufa zimeshikana, umeme unapita moja kwa moja.

"Fundi, si ubadilishe tu bodi?" mwenye mashine humwambia.

"Omera, bodi imekukosea nini?"

Sina subira na mafundi wa kubadilisha-tu. Hapa Kisumu spea inasubiriwa kutoka Nairobi, na isipokuwepo Nairobi inasubiriwa kutoka ng'ambo, na bodi mpya iliyofungwa kwenye waya mbovu itakuwa bodi mbovu kabla ya mwezi kuandama.

Vile vidonda vilivyotapakaa humpeleka fundi nje ya mashine, ukutani. Plagi zetu ni za pini tatu, na ile pini ndefu ni ya ardhi, lakini kuwapo kwa tundu lake hakuthibitishi kwamba nyuma yake kuna waya. Anachomeka mita: kati ya laini na ardhi panatakiwa pasomeke karibu na volti 240. Pakisomeka sifuri, au namba inayotangatanga, basi fremu nzima ya mashine inaelea. Mrija wa gesi unatumia maelfu ya volti. Pasipo ardhi, msisimko wake hutafuta njia popote, na waya mrefu wa amri uliofungwa pamoja na nyaya za mota unaupokea na kuufikisha kama agizo. Mwenye mashine atasema ni usubi wa ziwani, ule unaokuja kama wingu na kujazana penye taa. Usubi husingiziwa mengi. Ni kweli hugandia kwenye lenzi na vioo, lakini hapo mwale hudhoofika, hauzuki wenyewe. Ngurumo za jioni nazo zina kesi yao, na hiyo fundi haitupilii mbali, maana stima ikipotea na kurudi kwa kishindo kuna vitu ndani ya kisanduku ambavyo havirudi vilivyokuwa.

Akishamaliza haikabidhi mashine. Anaizima na kuiwasha, anachomoa plagi ukutani katikati ya kazi na kuirudisha, kwa sababu ndivyo stima itakavyofanya akiwa hayupo. Anachomoa waya wa kompyuta. Anatingisha kila waya huku chuma chakavu kikiwa chini ya kichwa. Mteja anatazama saa.

Na kuna sharti ambalo limempotezea pesa. K40 iliyo na swichi ya kifuniko, ile inayokata mwale kifuniko kikifunguliwa, wengi huiruka swichi hiyo kwa kipande cha waya ili wachungulie kazi ikiendelea. Yeye huurudisha mkato huo kabla ya jambo lolote, na asiporuhusiwa haigusi mashine. Mwaka huu mteja mmoja aligoma kabisa. Alisema amekuja kutengenezewa leza, hakuja kufundishwa. Fundi alimsaidia kuibeba hadi kwenye tuktuk. Kufikia jioni jamaa alikuwa amempata fundi mwingine, mitaa miwili mbele, na bodi mpya.